Swali la Saba

Nianze kwa kukiri kosa, maana nikilificha litanifuata hadi ukurasa wa mwisho. Nilipowasimulia kisa hiki mara ya kwanza niliwaambia kwamba waliojua siri ya kampuni ile ya simu ni watu watano. Nilihesabu kama mpelelezi wetu, Afande, alivyohesabu, kwa kuangalia waliokaa mezani. Tulichemka wote wawili. Walikuwa saba, na hao wawili tuliowaruka walipita mbele ya macho yetu siku tatu nzima, mmoja kabeba karatasi, mwingine kabeba malalamiko.

Siri yenyewe ni nyepesi kuisema. Jumatano saa nne kamili asubuhi mkurugenzi angeongea na wawekezaji kwa simu, kama afanyavyo kila baada ya miezi mitatu. Angewaambia mambo mawili: kwamba bei ya bando la intaneti inashushwa kwa thuluthi nzima, na kwamba kwa sababu hiyo yale makadirio ya mapato waliyotangaziwa mwanzo wa mwaka hayafikiki tena. Kabla ya saa hiyo, ukimnong'oneza mtu wa nje umevunja sheria ya soko la hisa. Anayejua mapema anauza hisa zake mapema, na asiyejua anabaki kazikumbatia zikimporomokea mikononi.

Sasa, wawekezaji huwa wanaruhusiwa kutuma maswali kabla ya kikao. Jumatatu mkurugenzi alifungua faili la maswali hayo. La kwanza mpaka la sita aliyasoma huku anatafuna kalamu. La saba likamnyanyua kitini: "Mkishusha bei ya bando kwa thuluthi, yale makadirio mliyotupa mtayaweka wapi?" Juu yake pana jina la mchambuzi wa hisa wa benki moja kubwa. Siri ilikuwa imetoka nje, ikazunguka mtaa, ikarudi na kubisha hodi mlangoni kwa mwenyewe.

Ndipo alipoitwa Afande. Mama huyu alistaafu upelelezi wa polisi miaka minne nyuma, lakini cheo kikagoma kustaafu naye. Hata wajukuu zake wanamwita Afande wakitaka peremende. Jumanne alasiri alimpigia yule mchambuzi mwenyewe, akamsomea swali la saba neno kwa neno na kumuuliza kalitoa wapi. Yule bwana alinyamaza kidogo, akasema swali hilo halijui. Afande akaandika kwenye daftari lake: *Anajifanya.*

Na Jumatano hii, saa tatu kasoro dakika ishirini, alikuwa ghorofa ya sita kwenye chumba kisicho na dirisha la kufunguka, uso kwa uso na mwanamke ambaye kazi yake ni kuwajibu wawekezaji. Jengo zima lilimwita Dada Majibu.

"Dakika arobaini na moja," Afande alisema, akigonga karatasi ya orodha ya simu kwa ukucha. "Alhamisi jioni, wewe na mchambuzi. Na mko kwenye wiki za kimya, ambazo hata salamu kwa mwekezaji mnapimiwa kwa kijiko."

"Najua. Sheria hiyo niliiandika mimi."

"Basi mliongea nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mwanangu, saa nne jina lako linapelekwa mamlaka ya soko la hisa. Ukitoka hapo hakuna kampuni itakayokupa hata kazi ya kupokea wageni. Nyumbani kwa nani?"

Dada Majibu alitazama mlango, kama vile mtu aliyetakiwa kusikia neno hilo alikuwa amesimama nje.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Mume wa dada. Wametengana tangu mwaka jana. Alhamisi mtoto wao alilazwa, pumu. Dada hataki kumsikia, na mtoto anamtaka baba. Anayebeba maneno kati yao ni mimi. Ndiyo hizo dakika arobaini na moja, Afande, nusu yake mwanaume analia."

"Kwa nini hukusema tangu Jumatatu?"

"Niseme siri imevuja kwa mchambuzi, halafu niongeze kwamba mchambuzi ni shemeji yangu? Si mngenifunga kamba hapo hapo?"

Ndivyo Afande angefanya.

"Na ile barua pepe ya swali la saba uliyoifuta?"

"Sijafuta kitu. Nilipokea maswali sita. Nilisema sita Jumatatu, nikasema sita jana. Leo hata mkinining'iniza ni sita."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Akaingia mwanasheria wa kampuni, mwanaume nadhifu ambaye hata tabasamu lake ungedhani linasubiri sahihi ya mtu.

"Samahani, Afande. Ni utaratibu." Akamgeukia Dada Majibu na kunyoosha kiganja. "Kitambulisho na laini ya kampuni. Itafungwa saa tatu kamili."

Dada Majibu alivua kitambulisho shingoni. Akachomoa laini kwenye simu kwa kutumia hereni yake, kwa utulivu mtupu, na hilo likamkera Afande zaidi kuliko machozi. Kwenye sanduku lake dogo mlikuwa na kikombe, viatu vya akiba na picha ya mama yake.

"Saa nne atakaa nani kushoto kwa mkurugenzi?" akauliza.

"Si juu yako tena, dada," mwanasheria akasema.

"Sawa. Vikaratasi vya majibu viko droo ya chini ya meza ya bodi. Ila hamtavisoma. Mwandiko wangu naujua mwenyewe." Akabeba sanduku, akatoka. Lifti ikamchukua.

Afande alibaki na maswali saba mezani. Alikuwa ameyasoma mpaka akayakariri. Sasa akaacha kuyasoma, akaanza kuyaangalia. Sita yalikuwa yamenyooka kama shuka la hoteli. La saba lilikuwa na mikunjo midogo midogo pembeni, na alama nyeusi ya wino uliokokotwa. Halafu zile karatasi sita zilikuwa na tarehe, saa na dakika juu, jinsi barua pepe zilivyoingia. La saba lilikuwa na jina la mchambuzi tu.

Fundi wa kompyuta alikuwa amemwambia: swali halionekani kwenye mashine kwa sababu limefutwa. Afande akakubali, akameza bila maji. Hakujiuliza kama labda halikuwahi kuingia.

Akainuka kwenda kutafuta printa.

Ilikuwa mwisho wa korido, kwenye chumba chenye harufu ya vumbi la moto. Karani wa vikao alikuwa ameichutamia, miwani imening'inia kwa uzi, mkono umezama ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Imekwama?" Afande akauliza.

"Hii haikwami, mwenzangu. Hii inakula. Ina tabia ya mbuzi, inatafuna kwanza, inafikiri baadaye."

"Na ikishakula?"

"Inarudisha inapotaka. Wiki iliyopita imenitapikia fomu yangu ya likizo ya mwezi wa pili. Likizo yenyewe nimeenda nimerudi, hata weusi wa jua umenitoka."

Afande akamwonyesha karatasi ya saba, lakini alikuwa amekunja sehemu yenye maneno. Amri ya mkurugenzi ilikuwa kwamba mtu yeyote asiyekuwa mezani asilione swali hilo. "Hii je?"

Karani akavaa miwani. "Hiyo imeliwa. Ona meno hayo pembeni."

"Maswali ya wawekezaji ulichapa lini?"

"Ijumaa asubuhi. Nilitumiwa na Dada Majibu, nikabonyeza, nikaweka kwenye faili zilivyotoka."

"Ulihesabu?"

"Nani aliniambia nihesabu? Ninazohesabu ni za kusaga."

"Za kusaga zipi?"

Karani akavuta daftari lenye jalada jekundu kutoka juu ya mashine ya kusagia karatasi. Kila karatasi ya siri iliyochapwa huandikwa humo, na ikishasagwa huandikwa tena. Afande akashusha kidole hadi Alhamisi. *Zilizochapwa: kumi na mbili. Zilizosagwa: kumi na moja.* Chini yake pana sahihi ya karani na sahihi ya mwanasheria.

Afande akarudisha kidole kwenye kumi na mbili.

"Hii tofauti mbona hamkuiuliza?"

"Niliona kumi na moja, nikaandika kumi na moja. Bwana sheria alitia sahihi huku anaongea na simu. Ningeandika uongo ili ziwe sawa?"

"Hapana, mwenzangu. Mungu akubariki kwa hiyo kumi na moja. Zilikuwa za nini?"

"Za mazoezi."

"Mazoezi gani?"

Karani alimtazama kama mtu anayeulizwa mlango uko wapi na aliyeingilia mlango huo huo. "Afande, siku tatu unapekua jengo hili, hakuna aliyekwambia mazoezi?"

Hakuna. Kwao yalikuwa kitu cha kawaida kama kuvua koti, na nani anamwambia mpelelezi kwamba huwa anavua koti? Kila robo ya mwaka, kabla ya simu ya wawekezaji, wanamwita mhasibu mkuu wa zamani, mzee mbishi kupita maelezo, akae upande wa pili wa meza na kujifanya mwekezaji mkorofi. Anapewa siri zote. Anatunga maswali kumi na mawili, kila moja kwa jina la mchambuzi wa kweli, ili mkurugenzi azoee. Wanaojibu hawaruhusiwi kuyaona kabla, wasije wakakariri. Anayaandika kwa mkono, na anayeyachapa ni karani peke yake.

"Kwa hiyo hata Dada Majibu hakuyaona?"

"Hata yeye. Na Alhamisi hayakuisha. Swali la sita mzee alimwuliza bosi kama ameshawahi kununua bando kwa hela yake mwenyewe. Bosi akarusha kalamu, akatoka. Mambo yakaishia hapo."

"La saba halikuulizwa?"

"La saba mbuzi huyu alikuwa nalo tumboni," karani alisema, akaipiga printa kofi. Macho yake yakashuka kwenye karatasi iliyokunjwa mkononi mwa Afande, na mkono ukaenda mdomoni wenyewe.

"Mzee yuko wapi?" Afande akauliza.

"Chini. Kwenye foleni ya wateja."

Ilikuwa saa tatu na nusu na dakika mbili. Afande akalibana daftari jekundu kwapani, hakungoja lifti.

Ukumbi wa wateja ulikuwa umejaa. Mzee Ubishi alikuwa wa tatu kwenye foleni, suti ya kijivu, bakora anayoitumia kuonyeshea watu na si kutembelea. Mbele yake msichana wa kaunta alikuwa ameshaanza kukata tamaa kabla zamu ya mzee haijafika.

"Mzee wangu, shikamoo. Neno moja tu."

"Marahaba. Neno moja utalipata nikihudumiwa. Wamenikata bando langu siku mbili kabla. Siku mbili! Nimewaambia, ninyi mkinipunguzia siku zangu, uaminifu wangu mtauweka wapi?"

Afande akasimama wima. Mtayaweka wapi. Mtauweka wapi.

Akamvuta mzee kando ya nguzo, akakunjua karatasi. Mzee akaisoma kwa mbali, kisha kwa karibu, na uso wake ukachanua kama babu aliyeletewa mjukuu.

"Hili! Hili ndilo lilikuwa bora kuliko yote. Kijana yule akanikimbia kabla sijalifikia. Umelitoa wapi?"

"Ni lako?"

"La nani tena? Wachambuzi wa siku hizi hawawezi kutunga kitu kama hiki, mwanangu. Wanauliza kwa adabu mno."

"Jina la juu?"

"Nilimchagua huyo kwa sababu ndiye wanayemwogopa. Kuna ubaya?"

Afande alitaka kucheka. Hakukuwa na mwizi. Hakuna barua iliyofutwa, hakuna shemeji aliyenong'onezwa. Siri haikuwahi kutoka nje ya jengo hili. Ilikaa usiku mmoja ndani ya tumbo la printa ikarudi mezani. Kicheko kilikuwa kimeshafika kooni alipoinua macho na kuona skrini kubwa ukutani, ile inayoonyesha matangazo na, chini yake, bei ya hisa ya kampuni ikipita kwa herufi ndogo. Herufi zilikuwa nyekundu. Mshale ulikuwa unaangalia chini.

"Soko limefunguliwa lini?" akauliza.

"Saa tatu na nusu kamili," mzee akasema, naye akageuka kuangalia. "Hee. Kuna mtu anauza. Na anauza kwa fujo."

Kicheko kikarudi chini kikiwa na uzito wa jiwe.

Kama siri haikuwahi kutoka, nani alikuwa anauza? Nje ya jengo hili nani anajua? Afande alihesabu tena, safari hii bila kumruka mtu. Mtu mmoja tu. Bwana mmoja aliyenyamaza kidogo kwenye simu Jumanne alasiri, akasema swali hilo halijui. Hakuwa anajifanya. Alikuwa halijui kweli, mpaka alipopigiwa na mpelelezi na kusomewa neno kwa neno.

Chumba cha bodi kilikuwa ghorofa ya tisa. Mlangoni palikuwa na kikapu cha simu. Siku ya wawekezaji hakuna anayeingia na simu yake. Afande akatupia yake humo, akasukuma mlango. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika nane.

Ndani walikuwa wanne: mkurugenzi, mkuu wa fedha, mkuu wa bei, na mwanasheria. Kushoto kwa mkurugenzi kiti kilikuwa kitupu. Katikati ya meza kulikuwa na spika ya mkutano, taa yake nyekundu, maana yake wawekezaji wanasikia muziki na hawasikii chumba.

"Hisa zinaanguka!" mkuu wa fedha alikuwa anapiga kelele. "Nilisema! Yule mwanamke kamwambia mchambuzi, mchambuzi anauza!"

"Si yeye," Afande akasema.

Wakageuka.

Akaweka daftari jekundu mezani, karatasi ya saba juu yake, na kueleza kwa sentensi fupi kama zile za mahakamani: mazoezi, printa, kumi na mbili na kumi na moja, sahihi ya mwanasheria. Mkurugenzi alipofikia kuelewa kwamba swali lililomnyanyua kitini alikuwa amelikimbia mwenyewe Alhamisi, masikio yalimwiva.

"Sasa kama hakuna aliyevujisha," akasema polepole, "nani anauza?"

"Mchambuzi. Na aliyemwambia ni mimi."

Mkuu wa fedha akakaa kitini.

"Nilimpigia jana. Nikamsomea swali nikidhani ni lake. Nitaiandikia mamlaka leo hii, kwa jina langu na kwa mkono wangu. Ila kuna mtu ameshushwa na lifti na sanduku lake kwa kosa langu, na huyo kwanza."

Mwanasheria alikuwa ameshaanza kuandika. "Inabidi litangazwe kwa wote hapa hapa, mwanzoni kabisa. Bei na makadirio, kabla ya salamu. Kisha wataanza kuuliza." Akamtazama mkurugenzi. "Utaweza kujibu?"

Mkurugenzi alifungua kitabu cha majibu, kurasa tisini. Akavuta droo ya chini, akatoa furushi la vikaratasi vidogo, vile ambavyo kila robo mwaka husukumwa kwake kutoka kushoto mtu anapouliza jambo gumu. Akageuza kimoja. Akakigeuza upande wa pili. Akampa mkuu wa fedha, naye akakipa mkuu wa bei.

"Hii ni nne au ni tisa?"

"Mwiteni," mkurugenzi akasema. "Mwiteni arudi!"

Mwanasheria akavuta simu ya mezani, akabonyeza namba, akaweka sauti wazi. Sauti tamu ya kike, iliyorekodiwa na kampuni hii hii kwa wateja wake mamilioni, ikajaza chumba: *Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.*

Saa tatu kamili. Utaratibu. Laini yenyewe ilikuwa mfukoni mwa koti la mwanasheria.

"Mapokezi?"

Mkuu wa bei alikuwa ameshafika dirishani. "Ameshatoka. Naona geti limefungwa, nje hayupo."

"Faili lake la ajira?"

"Lina namba hiyo hiyo," mwanasheria akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa nadhifu. "Wafanyakazi wote tunawaandikia namba ya kampuni."

Dakika moja. Muziki ukakatika kwenye spika, na taa ikageuka kijani. Afande aliiona, lakini alikuwa ameshaegemea meza kwa mikono miwili, akiwatazama mmoja mmoja, watu waliokaa na mwanamke yule miaka saba, wakipokea majibu kutoka mkononi mwake.

"Jamani, tafadhali. Nani ana namba yake nyingine?"

Ilisikika kote. Kwenye laini walikuwa wawekezaji mia moja na kumi na wawili, na mmoja wao, yule mchambuzi shemeji yake, alikuwa nayo kichwani. Mkurugenzi akashusha macho kwenye kikaratasi. Mwanasheria akashika mfuko wa koti. Kwenye spika mtu alikohoa kidogo, mbali, kama anayetaka kutaja namba akasita.